Kuvimba Si Kunenepa

Nianze na jambo linalojulikana na kila aliyewahi kukaa mbele ya programu ya GIS: kuisimamisha nyumba ni kazi ya sekunde chache. Unakuwa na poligoni, yaani umbo bapa lenye kona nne au sita, lililochorwa juu ya picha ya setilaiti. Unaipa programu namba moja, tuseme 3. Programu inanakili umbo lile, inaipandisha ile nakala mita tatu juu, kisha inashona kuta kati ya umbo la chini na la juu. Kwisha habari. Kilichokuwa kama kipande cha karatasi sasa ni boksi lenye pande na kivuli. Ukiwa na poligoni elfu moja, unapata maboksi elfu moja kabla chai yako haijapoa.

Katika FME chombo cha kufanyia kazi hii kinaitwa Extruder. Katika PostGIS ni amri iliyokuwa ikiitwa ST_Extrude, ambayo sasa ni CG_Extrude. Katika QGIS ni kisanduku kidogo kwenye mipangilio ya mwonekano wa 3D, unaandika namba na kubonyeza. Kwa Kiswahili hatujakubaliana tuiteje. Mimi husema kuinua umbo. Wenzangu darasani, kwa utani, husema kuvimbisha, na kadiri ninavyoendelea na masomo ya uzamili naona utani wao ndio tafsiri iliyo sahihi. Wahenga walishatuambia kuwa kuvimba si kunenepa.

Hoja yangu ni fupi. Tuache kuinua maumbo ambayo hatujayapima kimo. Na kama hatuwezi kuacha, basi tuache angalau kuyapeleka mbele ya watu wanaokwenda kuamua mtaro upite wapi, nani ahamishwe na nani abaki. Naisema hoja hii nikiwa na Mutuka kichwani, kata mojawapo ya Mji wa Babati, mkoani Manyara, ambako nimekuwa nikizunguka kwa ajili ya utafiti wangu. Lakini mwenye kusoma akiwa Tandale, Kisumu au Goma ataona mwenyewe kama inamhusu.

Tuulize kwanza: ile namba 3 inatoka wapi?

Mara chache sana inatoka kwenye futi ya fundi. Mara nyingi inatoka kwenye mazoea: sakafu moja ni mita tatu, kwa hiyo nyumba ya kawaida ni mita tatu na ya ghorofa moja ni sita. Kwenye OpenStreetMap kuna sehemu ya kuandika idadi ya sakafu za jengo, lakini mchoraji aliyekaa mbali na eneo, akitazama paa kutoka juu, hana namna ya kuzihesabu, hivyo huiacha wazi. Programu ikikuta pako wazi haisimami kuuliza. Inaweka namba uliyoipa ya akiba na kuendelea. Matokeo yake ni kitongoji kizima chenye nyumba za kimo kimoja, kama vile wakazi wote walimwita fundi yuleyule, siku ileile, kwa bajeti ileile.

Kuna kosa moja ambalo kila mwanafunzi wa fani hii hukutana nalo. Tabaka la nyumba likiwa bado kwenye digrii za latitudo na longitudo, ukaliinua kwa 3, kuna programu zinazochukulia 3 hiyo kuwa ni kipimo kilekile cha digrii. Nyumba zinageuka sindano zinazochoma mawingu. Darasa zima linacheka, mwalimu anakumbusha kubadilisha mfumo wa majira ya nukta, na kwa mkoa wetu anaongeza onyo, kwa sababu Manyara inakatwa na mstari wa digrii 36 mashariki: Babati inaangukia kanda ya UTM ya 36, Kiteto inaangukia ya 37. Kosa hili halina madhara makubwa. Linaonekana, linachekesha, linasahihishwa siku hiyohiyo. Linalonitisha ni lile lisilochekesha. Nyumba ya mita tatu inaonekana sawasawa, haimshtui mtu, hakuna anayeuliza imepimwa na nani. Inapita.

Sasa tuangalie umbo lenyewe kabla halijainuliwa. Mwaka 2019 Microsoft walitoa kwa umma maumbo ya majengo ya Tanzania na Uganda, karibu milioni 18, yaliyochorwa na kompyuta kutoka kwenye picha za setilaiti. Mwaka 2021 Google nao walitoa Open Buildings, hazina ya majengo ya sehemu kubwa ya Afrika. Sina ugomvi na hazina hizi. Nimezitumia na nitazitumia tena, maana kabla yake kata kama Mutuka ilikuwa uwanja mtupu kwenye ramani nyingi za kidijitali. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyosahau kile ambacho kompyuta iliona. Kompyuta iliona paa. Ukuta haikuuona.

Kwa nyumba zetu tofauti hiyo si ndogo. Chukua nyumba ya kuta za mita nane kwa kumi. Weka upenu wa sentimita 60 kila upande, upenu wa kawaida kabisa kwa anayetaka mvua isichape tofali zake. Kuta zinazunguka mita za mraba 80. Paa linafunika 103. Ukiliinua umbo la paa ukaliita nyumba, umempa mwenye nyumba zaidi ya robo ya jengo ambalo hakulijenga, na baraza yake, mahali anapokaa akichambua mbaazi, umeifanya chumba.

Halafu kuna boma. Kila Mtanzania anajua boma ni nini: kuta zimesimama, linta imemwagwa, pesa ya bati haijapatikana. Linaweza kukaa hivyo miaka sita. Boma halina paa la kuchorwa, kwa hiyo katika modeli mara nyingi halipo, ingawa ni kitu kizito kuliko vyote mtaani, maana ndani yake kuna akiba yote ya mtu. Banda la kuku lenye bati jipya linalong'aa, hilo lipo, na limeinuliwa mita tatu.

Na kabla ya bati kulikuwa na tembe. Wairaqw, majirani wa karibu wa Babati, walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likiwa bapa, kiasi kwamba upande wa mlimani paa lilikaribiana na ardhi. Ijaribu nyumba hiyo kwenye programu. Utaweka kimo gani? Upande mmoja imesimama, upande mwingine imezama. Chombo chetu kinajua kupanda tu. Kimeundwa kwa wazo kwamba ardhi ni meza na nyumba ni kitu kilichowekwa juu ya meza. Watu waliojenga tembe walijua kwamba ardhi ni sehemu ya nyumba, na walijua bila kuwa na shahada.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ardhi yenyewe, kitu ambacho ukishaona maboksi mazuri unasahau kabisa kukiuliza. Modeli nyingi ninazoziona zinayasimamisha maboksi juu ya uwanda laini kama sahani. Zile zinazojitahidi zinatandika chini yake data ya mwinuko, na mara nyingi ni ile ya SRTM. Data hiyo ilikusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu Endeavour, Februari mwaka 2000. Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa. Ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kila pikseli ni kama mita 30 kwa 30, eneo linaloweza kumeza nyumba tatu, mti wa mwembe na kichochoro. Lengo la mradi ule lilikuwa kosa la mwinuko lisizidi mita 16 kwa asilimia 90 ya nukta. Katika sehemu nyingi lilipatikana kosa dogo kuliko hilo, tena dogo sana, lakini hata lingekuwa mita tano, jiulize unasimamisha nini. Unaweka nyumba ya mita tatu juu ya ardhi usiyojua iko wapi kwa mita tano, halafu unazungusha kamera ili mheshimiwa aone machweo yakigonga bati.

Mwaka 2024 Google walisogea hatua moja mbele kwa kutoa data yenye kimo cha majengo kwa kila mwaka kati ya 2016 na 2023, iliyokadiriwa kutoka picha za Sentinel-2. Ni kazi ya kuvutia. Wenyewe wameeleza kwamba kwa wastani kadirio hukosea kama mita 1.5, pungufu ya sakafu moja. Kwa mji wa maghorofa kumi hiyo ni hesabu nzuri sana. Kwa mtaa ambao nyumba karibu zote ni za chini, mita 1.5 ni nusu ya nyumba. Data ileile inayomfaa mpangaji wa Nairobi inaweza kutomwambia kitu mpangaji wa Babati, na hakuna programu itakayomwonya.

Mtu atasema: sawa, maboksi yana makosa, lakini nani ameumia? Twende taratibu.

Mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika. Miaka mitano baadaye mtafiti Klas Sandström alichapisha makala katika jarida la Geografiska Annaler akiuliza kama mafuriko ya ziwa hilo yalisababishwa na mabadiliko ya uoto wa ardhi inayolizunguka. Hilo ni swali la miteremko na udongo, la maji yanayoshindwa kuzama na kuanza kukimbia. Kisha tarehe 3 Desemba 2023, kwenye barabara hiyohiyo itokayo Babati kwenda Singida, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka, na tope likafuata mkondo wa Mto Jorodom. Mlima wenyewe una zaidi ya mita 3,400. Katika msiba ule hakuna aliyehitaji kujua nyumba ilikwenda juu kiasi gani. Swali lilikuwa nyumba imekaa wapi kwenye mteremko, na iko umbali gani kutoka kwenye mkondo, na sakafu yake imeinuka kiasi gani kutoka ardhini.

Ndiyo maana nasema tunakosea mwelekeo. Mji wa Babati, na miji mingi inayofanana nao, hauna tatizo la juu. Tatizo lake liko chini, kati ya ardhi na jamvi. Ule mwinuko wa msingi, ambao fundi anaupandisha kwa kozi moja au nne kulingana na mfuko wa mwenye nyumba, ndio unaoamua kama mvua ya usiku itakuwa sauti juu ya bati au maji chini ya kitanda. Na huo ndio mwinuko ambao kuinua umbo hakuujui kabisa. Boksi linaanzia sifuri.

Mwezi wa nne nilizunguka na fundi mmoja mzee kwenye safu ya nyumba pale Mutuka. Nilikuwa na laputopu yenye modeli ya eneo lile, niliyoirithi kutoka mradi mmoja wa zamani. Nilimwonyesha. Aliikodolea macho, akaweka kidole kwenye kona ya boksi moja. Kwa kuwa ardhi ina mteremko na boksi lina kitako bapa, kona ile ilikuwa inaning'inia.

"Binti, huu msingi aliujenga nani?" aliuliza. "Maana naona upande huu nyumba imekaa hewani."

Nilimwambia ni kompyuta.

"Basi mwambie arudi aje amalizie."

Tulipima kwa mpira wa leveli, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi wetu wanautumia kusawazisha msingi. Unaujaza maji, unahakikisha hakuna mapovu, mmoja anashika ncha moja kwenye alama iliyochorwa nguzo ya umeme, mwingine anakwenda na ncha ya pili hadi nyumba ya tatu. Maji yanatulia kimo kimoja pande zote mbili. Kutoka hapo unashusha futi hadi kwenye jamvi, unashusha tena hadi kwenye ardhi ya uani, unaandika. Mpira na futi vilitugharimu pungufu ya bando langu la wiki.

Nyumba mbili zilizopakana ndizo zilizonikaa. Modeli ilizipa zote mita tatu. Ya kwanza ina paa refu la mgongo, kenchi zimepanda, fishabodi imepakwa rangi ya bluu. Ukipita barabarani utasema hii ndiyo nyumba. Jamvi lake liko sentimita 15 juu ya uwanja. Ya pili ni fupi, bati limeshika kutu, lakini mwenyewe aliinua msingi hadi sentimita 62 na kujenga vipandio vitatu mlangoni. Hata kama tungepima kimo cha paa kwa usahihi wa ajabu na kuinua kila umbo kwa kimo chake halisi, modeli ingetuambia nyumba ya kwanza ndiyo iliyo juu. Maji yanasema kinyume. Mama wa nyumba ya kwanza tulimkuta ndani, nikamwamkia, akatukaribisha. Nilipomuuliza kama maji yamewahi kuingia, hakujibu kwa namba. Alinionyesha magunia yake ya mahindi yaliyopangwa juu ya tofali, kozi mbili.

"Mwanangu, tangu siku ile siyaweki chini tena," alisema.

Zile tofali mbili ni data. Zina tarehe na zina mahali, na kimo chake kimelipiwa na mtu aliyewahi kupoteza gunia. Hazimo kwenye hazina yoyote ya mtandaoni, na haziwezi kuwemo mpaka mtu abishe hodi.

Hodi hiyo si ndoto. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi madarasani ukawapeleka kwenye kata zinazofurika za Dar es Salaam. Walirusha droni, ndiyo, lakini pia walitembea na wakazi, wakapima mitaro, wakauliza maji hufika wapi. Zanzibar, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni ndogo, na vijana wa humohumo ndio waliozirusha. Picha za droni zinazopishana zinaweza kukupa umbo halisi la paa na la ardhi ya wazi inayolizunguka, kwa sentimita. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kupima ni anasa ya Wazungu. Tulishafanya. Tulichoshindwa ni kuifanya desturi.

Najua majibu ninayojibiwa kila ninapoyasema haya, na yanastahili kujibiwa moja moja.

La kwanza: ni kwa ajili ya kuonyesha tu. Hakuna kitu kinachoitwa kuonyesha tu. Nimekaa kwenye ukumbi mmoja, sitasema wa wapi, projekta inamulika ukutani, na mtaalamu anazungusha mji wa maboksi. Watu wazima waliokuwa wakibishana dakika tano nyuma kuhusu mtaro walinyamaza. Ramani bapa ingewaruhusu kuuliza. Mtu anasogea, anaweka kidole, anasema hapa si kweli, hapa kuna kisima. Lakini kitu chenye kivuli kinafanana na picha iliyopigwa, na picha iliyopigwa haibishiwi. Maboksi yale yalikuwa na ukweli uleule wa ramani bapa pamoja na namba moja ya kubuni. Bado yaliwafunga watu midomo. Hicho kimya ndicho kinachouzwa.

La pili: hatuna data, na kitu ni bora kuliko bure. Bure ina faida moja, ni mwaminifu. Mahali patupu kwenye ramani panamwambia anayekuja kwamba kazi haijafanyika. Mahali palipojazwa namba ya akiba panamwambia kazi imekwisha, na bajeti ya kupima inakwenda kwingine.

La tatu, ambalo wasomi wenzangu hulipenda: hata Ulaya wanafanya. Ni kweli, na tuangalie wanavyofanya. Uholanzi ina modeli ya majengo yake yote, karibu milioni 10, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha TU Delft. Kimo chake hakikutoka kichwani. Kimetoka kwenye vipimo vya leza vilivyochukuliwa kwa ndege juu ya nchi nzima, zaidi ya mara moja. Mwaka 2017 Filip Biljecki na wenzake wa chuo hichohicho walichapisha utafiti wa kukadiria kimo cha majengo bila data ya mwinuko, lakini walilinganisha makadirio yao na vimo vilivyopimwa, wakaandika kosa lao ni kiasi gani. Tumeiga boksi, tumeacha safu ya makosa. Hata kiwango cha kimataifa cha CityGML, kilichopitishwa mwaka 2008, kinaliita boksi kwa jina lake: ni ngazi ya kwanza ya undani, yenye paa bapa, na juu yake kuna ngazi nyingine. Sisi ngazi ya kwanza tunaivisha suti.

Na kuna jibu ambalo halisemwi lakini lipo: namba ndogo kama hii haina uzito. Muulize mwenye ghorofa. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mjini kila sakafu ya jengo la ghorofa shilingi 5,000. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Katika nchi hii, basi, idadi ya sakafu ni hela inayokatwa kabla hujawasha taa. Sisemi kwamba kuna ofisi inayotoza kodi kwa kutazama modeli zetu. Nasema data husafiri, na inaposafiri huacha maelezo yake nyumbani. Safu iliyoandikwa sakafu 2 kwa sababu mwanafunzi alitaka mandhari ya mjini yapendeze, kesho inapakuliwa na mtu anayehesabu watu wa kuokoa au fidia ya kulipa. Huyo hatakuwa na namna ya kujua kwamba ile 2 ilikuwa pambo.

Kwa hiyo ninadai mambo manne, na nayadai kwanza kwa sisi tunaosoma fani hii, maana ndio tunaobonyeza.

Kila jengo lililoinuliwa liwe na safu ya pili kando ya kimo, inayosema kimo kimetoka wapi: kimepimwa, kimekadiriwa, au kimewekwa tu. Ni neno moja kwa kila jengo. Kama unaweza kuinua maumbo elfu kwa amri moja, unaweza kujaza safu hiyo kwa amri nyingine.

Kilichowekwa tu kisipewe kivuli. Kibaki bapa, au kichorwe kwa mistari mitupu, ili atazamaye ajue hapa hatujafika. Modeli yenye mabaka bapa itaonekana mbaya. Iache ionekane mbaya mpaka tutakapokwenda.

Tuanze chini. Kabla ya kuuliza nyumba ina kimo gani, tupime jamvi liko wapi kutoka ardhini na ardhi iko wapi kutoka kwenye mkondo. Mpira wa leveli, futi, daftari, na fundi anayejua mtaa. Wanafunzi kumi wakifanya hivyo wiki mbili za likizo wanapata kitu ambacho hakuna setilaiti inayokitoa leo.

Na modeli irudi mtaani kabla haijaenda ukumbini. Iwekwe mbele ya watu ambao nyumba zao zimeinuliwa, kwenye kioo cha simu au kwenye karatasi, nao waruhusiwe kucheka. Swali la fundi wangu, huu msingi aliujenga nani, ni mapitio ya kitaalamu yaliyo makali kuliko mengi niliyoyapata kwa maandishi. Kazi ambayo haiwezi kulijibu swali hilo haijafika mahali pa kuonyeshwa kwa mkurugenzi wala kwa mfadhili, na isipewe alama ya kufaulu na mwalimu yeyote wa GIS, hata kama machweo yake yanapendeza.